Watoto Wetu na Uskauti

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nataka leo kuandika juu ya mas-ala niliyoulizwa nikayajibu kwa haraka, na jawabu langu halikuwa sawa. Sayyidna Umar (R.A.) alipomwandikia Abu Musa al-Ash'ari barua yake mashuhuri juu ya kazi ya hukumu, miongoni mwa aliyomuusia ni kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie leo kurejea katika haki ikimdhihirikia. Ikiwa kadhi wa Khalifa aliusiwa hivyo, mimi ni nani hata nione haya kurejea?

Kisa chenyewe ni hiki. Baada ya darsa ya Magharibi, mmoja katika ndugu zetu alinijia na mwanawe wa miaka 12, akaniuliza: “Sheikh, mtoto huyu ataka kuingia uskauti shuleni kwao. Wavaa sare na skafu, wapiga kambi, wafunzwa kufunga kamba na kusoma dira. Je, yafaa?” Nikamwambia kwamba hayafai. Nikamwambia kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, aliyeyaanzisha ni askari wa kikoloni, na mtoto wa Kiislamu ana chuo chake na msikiti wake, hapungukiwi na kitu. Baba akashukuru. Mtoto akanibusu mkono kwa adabu, kisha akauliza: “Basi, Sheikh, Jumamosi niende wapi?”

Nikamwambia, “Mwanangu, soma Qur'ani.” Jawabu hilo halina aibu, lakini mimi nilijua kuwa mtoto yule husoma Qur'ani siku tano katika wiki, na kwamba hakuniuliza la kusoma. Aliniuliza pa kwenda. Nami nilikuwa nimemfungia mlango mmoja pasi na kumfungulia mwengine. Usiku ule nikafikiri juu ya pembe za mitaa yetu ambako vijana hukaa tangu Alasiri mpaka usiku wa manane, na juu ya wale waliopotezwa na unga katika miji yetu ya pwani, Mombasa, Malindi na Lamu. Hao nao walikuwa watoto wa miaka 12 siku moja, na wengi wao walisoma vyuoni mwetu. Nikaona hapana budi nijue kwanza kile ninachokikataza, kwani ni aibu kwa mwanachuoni kukataza jambo ambalo halijui.

Uskauti ulianzishwa na Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza. Katika vita vya Waingereza na Makaburu alizingirwa katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, tangu Oktoba 1899 mpaka Mei 1900, siku 217. Katika mji ule vijana wadogo walipewa kazi ya kupeleka barua na khabari, nao wakaifanya kwa uhodari hata watu wazima wakastaajabu. Mwaka 1907, mwezi wa Agosti, akawachukua vijana kama 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa watu wa kazi, akawapigisha kambi pamoja. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na jambo likaenea duniani. Hapa Kenya uskauti uliingia mwaka 1910. Mwenyewe Baden-Powell alihamia Nyeri mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

Sasa natuzitazame hoja zangu nilizomtolea yule baba, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu. Katazo hilo lipo, wala sina nia ya kulipunguza. Lakini wanavyuoni wamebainisha kuwa linalokatazwa ni kuwafuata watu katika yale yaliyo alama ya dini yao, au katika maovu yao. Ama elimu na ufundi wenye manufaa si milki ya kaumu yoyote. Katika vita vya Ahzab, mwaka wa tano wa Hijra, Salman al-Farsi alitoa shauri la kuchimba handaki kama walivyokuwa wakifanya Waajemi, nao siku zile hawakuwa Waislamu. Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa hilo ni la Waajemi, alichimba kwa mikono yake. Na alipoambiwa kuwa wafalme hawaisomi barua isiyo na mhuri, akajifanyia mhuri.

Wala hapana kisa kilichonitahayarisha kama kisa cha Hijra yenyewe, ambacho nimekisomesha miaka mingi. Aliyewaongoza njia Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar (R.A.) kutoka Makka mpaka Madina ni Abdullah bin Urayqit, mtu mjuzi wa njia za jangwani, naye siku ile hakuwa Mwislamu. Waliaminisha roho zao kwa ujuzi wake na uaminifu wake. Na katika siku tatu za pangoni, aliyekuwa akileta khabari za Makureshi ni Abdullah mwana wa Abubakar, kijana mwerevu mwepesi wa kufahamu. Mchana alisikiliza yanayopangwa mjini, usiku akayafikisha pangoni, na kabla ya alfajiri akarudi Makka kama aliyelala huko. Na Amir bin Fuhayra aliyachunga mbuzi karibu na hapo ili wapate maziwa. Kujua njia, kutunza siri, kuvumilia usiku na kufikisha khabari kama ilivyo: hizi ndizo kazi ambazo mtoto yule alitaka kufunzwa, nami nikamwambia kuwa ni mambo ya Wazungu.

Hoja ya pili ni ya ukoloni, nayo ina uzito zaidi. Ni kweli kuwa ahadi ya skauti hapo mwanzo ilimtaja Mungu na mfalme wa Uingereza. Ni kweli kuwa katika mji ule wa Mafeking Waafrika walipata dhiki ya njaa kuliko Wazungu waliozingirwa nao. Na ni kweli kuwa zama za ukoloni hapa Kenya watoto walitengwa kwa rangi zao, ilhali kanuni ya maskauti yasema kuwa kila skauti ni ndugu wa mwenziwe. Hayo hatuyafichi. Walakini Waafrika wenyewe waliishika kanuni ile ile wakaifanya hoja juu ya waliowatenga: ikiwa sisi ni ndugu, mbona mwatuweka mbali?

Na natutazame ndugu zetu wa Algeria. Huko mkoloni alikuwa Mfaransa, naye alikuwa na maskauti wake. Waislamu hawakusema uskauti ni haramu kwa kuwa ni wa Mfaransa. Mohamed Bouras aliunda maskauti wa Kiislamu, wakajifunza dini yao na kuipenda nchi yao, na Sheikh Abdelhamid Ben Badis, kiongozi wa wanavyuoni wa islahi katika nchi ile, akawaunga mkono. Wafaransa walifahamu maana yake upesi kuliko nilivyofahamu mimi. Bouras alipigwa risasi kwa hukumu yao tarehe 27 Mei 1941. Na tarehe 8 Mei 1945, katika mji wa Sétif, kijana skauti aitwaye Saâl Bouzid aliuawa ameishika bendera ya nchi yake. Chombo kilichotengenezwa na mtawala kilipoingia katika mikono ya watu wenye imani, kiliwafaa wao, kikamdhuru mtawala. Basi la kuuliza si nani aliyekiunda chombo tu. Yatupasa kuuliza vilevile ni nani anayekiendesha, na chaenda wapi.

Zikisha kuondoka hoja hizo mbili, lilibaki swali moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni la nia. Skauti hufunzwa kutenda jema moja kila siku. Hupewa beji kwa ujuzi alioupata, akaishona katika shati lake watu wakaiona. Je, mtoto anayemvusha kizee njia ili asifiwe, au anayejifunza kutibu jeraha ili apate beji, ametenda jema? Dini yetu yasema amali ni kwa nia. Je, hatumfunzi riya tangu utotoni?

Jawabu nililipata kwa Imam al-Ghazali, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111. Katika Ihya, katika mlango wa kuilea nafsi, aeleza jinsi mtu anavyopandishwa daraja baada ya daraja. Mtoto kwanza huvutwa kwenda chuoni kwa kuahidiwa mchezo wa mpira. Kisha akikua huvutwa kwa nguo nzuri na pambo. Kisha huvutwa kwa cheo na uongozi. Mwisho ndipo huvutwa kwa Akhera. Imam huyu, ambaye hapana aliyeandika juu ya maradhi ya riya kuliko yeye, hakumtaka mtoto wa miaka 12 awe na nia ya walii. Aliijua tabia ya binadamu kuwa hupanda kama apandaye ngazi, na mwenye kukosa kipago cha kwanza hakifikii cha nne.

Na katika mlango huo huo asema kuwa tabia njema hupatikana kwa kuitenda. Anayetaka kuwa karimu hujilazimisha kutoa mpaka kutoa kukawa ni tabia yake. Asema pia kuwa mtoto aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwani kumzuilia mchezo na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake. Na azoezwe kutembea na harakati mchana ili uvivu usimshinde. Wala asizoezwe kulalia godoro laini. Ndugu msomaji, maneno haya yameandikwa zaidi ya miaka 800 kabla ya kambi ya Brownsea.

Sasa pima. Mchezo ni daraja ya kwanza, na maskauti wanao. Sare na skafu ni daraja ya pili, na wanazo. Uongozi ni daraja ya tatu, na hapa ndipo penye manufaa yao makubwa. Kwani huwagawa watoto vikundi vidogo, sita au wanane, na kiongozi wa kikundi ni mtoto mwenzao. Yeye ndiye mwenye kuhesabu wenziwe jioni, yeye huulizwa kama maji hayatoshi, yeye hukesha ikiwa mdogo wao ana homa. Mzee yupo, lakini yuko kando. Mtoto aliyesahau kukaza kamba za hema hapigwi wala hatukanwi. Mvua ya usiku humfahamisha, na asubuhi hukaza kamba bila ya kuambiwa.

Sisi, kwa upande wetu, tumesimama juu ya daraja ya nne, tukiwaita watoto walioko chini wapande, na chini yetu tumekiondoa kila kipago. Mchezo twauita upuuzi. Nguo nzuri twauita ubishi. Ama uongozi, ni mtoto gani wa miaka 12 katika mtaa wetu aliyekabidhiwa jambo la kweli, jambo ambalo yeye akilitupa litaharibika? Twamwambia awe mwaminifu, na hatujamwamini kwa lolote. Kisha akifika miaka 20 hana analoliweza, twasema vijana wa leo wameharibika.

Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Anas bin Malik alikuwa mtoto akicheza na wenziwe, Mtume akawapitia, akawatolea salamu watoto wale, kisha akamtuma Anas kwa haja yake. Alipochelewa kurudi, mama yake akamuuliza alikuwa wapi, akajibu kuwa Mtume alimtuma. Akamuuliza haja gani, akasema hiyo ni siri. Mama yake akamuusia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume. Tazama mambo matatu katika kisa hiki: mtoto hakukatazwa mchezo, alipewa amana ya kweli, na mzazi hakuivunja amana ile kwa udadisi wake. Na Usama bin Zayd alipewa uongozi wa jeshi hajatimiza miaka 20, na ndani ya jeshi lile wamo Sahaba wakubwa. Watu waliposema juu ya udogo wake, Mtume alimtetea. Usama hakuwa hodari siku ile kwa muujiza. Alikuwa amelelewa kwa kuaminiwa.

Basi naona kuwa uskauti una manufaa kwa watoto wetu wa kiume, na kwamba kosa langu lilikuwa kudhani adabu huingia kwa masikio peke yake. Lakini sitaki kuponyoka kosa moja nikaanguka katika jengine, nikasema kila kilicho na skafu ni kheri. Iko khatari, tena si ndogo. Mwaka 2020 chama cha maskauti wavulana wa Marekani kilikwenda mahakamani kutaka kinga ya kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakaleta madai kuwa walinajisiwa au kuchezewa utotoni mwao na watu waliokabidhiwa kuwalea katika chama hicho. Msomaji na asimame hapo kidogo aifikiri hesabu hiyo. Wala tusijidanganye kuwa balaa hilo ni la Marekani peke yake, au la maskauti peke yao. Kila mahali mtu mzima anapokaa faraghani na mtoto, na jamaa wakaona aibu kuuliza, balaa hilo laweza kuingia, hata katika vyuo vyetu. Kunyamaza kwa ajili ya kusitiri jina la mtu, na mtoto akaangamia, si sitara bali ni khiyana.

Kwa hivyo mzazi anayemruhusu mwanawe namshikiza masharti haya. Kwanza, awajue kwa majina na kwa nyuso wale wanaowaongoza watoto, wala asikubali mwanawe awe faraghani na mtu mzima mmoja, kambini wala safarini. Imam al-Ghazali amesema mtoto azuiliwe kufanya jambo kwa siri, kwani halifichi ila ajuapo kuwa ni baya. Nami naongeza kuwa mtu mzima anayemwambia mtoto afiche jambo kwa wazazi wake ni wa kuogopwa zaidi. Pili, sala tano zisimamishwe kambini kwa wakati wake, chakula kiwe halali, na mtoto asihudhurishwe katika ibada isiyokuwa yake. Hili si gumu, kwani uskauti wenyewe waweka wajibu kwa Mungu mbele ya wajibu mwengine, na maskauti Waislamu wako katika nchi nyingi. Tatu, afahamishwe kuwa lile neno atoalo ni ahadi, na ahadi katika dini yetu itaulizwa Siku ya Kiyama. Ama kuapa, Mwislamu haapi ila kwa Mwenyezi Mungu.

Sharti la nne ni letu sote, nalo ndilo zito. Daraja ya nne uskauti hauwezi kumpandisha mtoto wetu. Wamfunza kutenda jema, nao wafanya vyema. Lakini kumfunza amtendee nani, na amtazamie nani malipo, hiyo ni kazi ya baba yake na ya mwalimu wake. Mtoto akirudi Jumapili jioni na tope miguuni na beji kifuani, baba asimwambie tu akaoge. Amuulize, “Mwanangu, nani mlimsaidia? Na lau hapangekuwa na mtu wa kukuona, ungemsaidia?” Kwa swali hilo moja beji hugeuka kuwa kipago cha ngazi. Bila ya swali hilo, yaweza kubaki kitambaa, na pengine ikawa riya kweli.

Tena kwa nini tungoje shule zituundie? Misikiti yetu ina vijana wenye nguvu, na pwani yetu ina bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa kuzitazama nyota. Wako manahodha wazee wajuao pepo na mikondo ya maji, na mafundo ambayo hayamo katika kitabu cha Baden-Powell, na hapana mtoto anayewauliza. Tukisha kuona manufaa kwa wenzetu, yatupasa tujifanyie, kama lilivyochimbwa handaki la Madina kwa mikono ya Waislamu wenyewe.

Yule ndugu nimemwendea nyumbani kwake nikamwambia haya kabla ya kuyaandika, kwani haifai mtu asome katika gazeti fatwa iliyombadilikia. Nikamwomba na mtoto anisamehe. Akacheka akasema, “Hapana neno, Sheikh.” Nikamwambia akisha kujifunza fundo la kwanza aje anifunze, na ameahidi. Namngoja.

Mwenyezi Mungu atuoneshe haki na atupe nguvu ya kuifuata, atuoneshe batili na atupe nguvu ya kuiepuka, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.